Habari za Martin Kayamba, Mfungwa wa Vita

Katika vita vya mwaka 1939 hata 1945 Wajapani waliwatia mateka wao migodini. Huko Kinkaseki, katika kisiwa cha Taiwan, askari wa Uingereza walichimbishwa shaba kwa njaa na mapigo, na wengi wakafa. Sisi wa huku Kimali twaweza kudhani kwamba hayo ni mambo ya mbali. Lakini katika nchi yetu wenyewe watu walifungwa na kutumikishwa wakati wa vita, na mmoja wao ni Martin Kayamba.

Alizaliwa mwaka 1891 huko Mbweni, Unguja. Kabila lake lilikuwa Mbondei, na ukoo wake ulitoka kwa Kimweri, mfalme wa Usambaa. Alisoma Kiungani, katika shule ya misheni ya Kiingereza, kisha akawa karani Mombasa na Uganda. Mwaka 1914 alikwenda Tanga kufanya biashara, na huko ndiko vita vilikomkuta.

Kayamba hakuwa askari. Lakini kwa kuwa alisomeshwa na Waingereza, Wadachi walimshuku kuwa mpelelezi, wakamfunga. Ndivyo walivyopatwa waalimu wengi Waafrika wa misheni za Kiingereza, wa Bonde na wa Ugogo. Walitiwa minyororo, wakachapwa viboko, wakachukuzwa mizigo, na wengine hawakurudi. Mataifa yalikuwa yamepatana huko Hague mwaka 1907 kwamba mfungwa wa vita atendewe kwa utu, wala asipewe kazi ya kumzidi nguvu. Walakini mapatano hayo hayakuwakinga watu hawa. Wengi walipelekwa Tabora, mji wa jirani zetu Wanyamwezi, na Kayamba alikuwa miongoni mwao. Hata Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji yalipoutwaa mji, akafunguliwa.

Sisi Walutheri yatupasa kuyafikiri haya. Kanisa letu katika nchi hii lilianzishwa na Wadachi, nasi twawaheshimu. Lakini waliomfunga Kayamba walikuwa wa taifa lao, na kweli haifichwi. Kisha zamu ikageuka. Baada ya vita wamisionari Wadachi waliondolewa nchini, na vita vya pili vilipoanza mwaka 1939 wengine wao walitiwa kizuizini na Waingereza. Basi Wakristo waliwafunga Wakristo, pande zote mbili.

Kayamba alirudi Tanga, akawa karani wa Serikali mpya. Huko aliwakuta Waafrika waliosoma katika shule ya Serikali ya Kidachi, wengi wao Waislamu. Angaliweza kuwatenga kama adui wa jana. Badala yake, mwaka 1922 aliunda chama cha watumishi wa Serikali Waafrika, wakakaa ndani yake Waislamu na Wakristo pamoja, waliosomeshwa na Wadachi na waliosomeshwa na Waingereza.

Mwaka 1931 alipelekwa London pamoja na Francis Lwamugira wa Bukoba na Mtemi Makwaia wa Usiha, Msukuma mwenzetu. Huko walishuhudia mbele ya kamati ya Bunge juu ya shauri la kuunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika, nao hawakulikubali. Safari hiyo aliiandika kwa Kiswahili katika kitabu.

Wabelgiji waliweza kumtoa kifungoni, lakini uadui wa vita hakuna mwingine aliyeweza kumwondolea. Kazi hiyo aliifanya mwenyewe, pale Tanga, pamoja na watu wa upande wa pili.