Abu Rayhan Al-Biruni na Mizani ya Vito

Katika wanavyuoni wa zama zilizopita ambao majina yao hutajwa sana na vitabu vyao husomwa kidogo, mmoja ni Abu Rayhan Muhammad bin Ahmad Al-Biruni, Mwenyezi Mungu amrehemu. Wengi wetu twamjua kwa elimu ya nyota na kwa kitabu chake juu ya Bara Hindi. Leo twapenda kuwaeleza ndugu zetu jambo lake jingine, ambalo lamhusu kila aliyepata kutoa fedha yake akanunua pete ya yakuti kwa kuamini kiapo cha muuzaji tu.

Alizaliwa mwaka wa 973 katika nchi ya Khawarizmi, pembezoni mwa mji wa Kath, ambao leo umo katika Uzbekistan. Mwaka wa 1017 Sultani Mahmud wa Ghazna aliiteka nchi hiyo, akamchukua. Hakwenda kwa hiari yake. Lakini huko Ghazna, katika Afghanistan ya leo, hazina ya masultani ilijaa vito, na uzeeni mwake alimwandikia Sultani Maudud, mjukuu wa Mahmud, kitabu cha vito kiitwacho Al-Jamahir.

Watu walikuwa wakilijaribu jiwe kwa kulikwaruza au kulitia motoni. Jiwe gumu huenda likasalimika. Lisilo gumu hutoka na alama au ufa, na mali ya mtu imekwisha haribika kabla haijajulikana ni nini. Al-Biruni alishika njia nyingine. Alitengeneza chombo mfano wa pia iliyopinduliwa, chini kipana na juu chembamba, chenye mrija ubavuni mwa shingo. Alikijaza maji hata yakakoma penye mrija, kisha akalitia jiwe alilokwisha lipima. Maji yaliyosukumwa yakamwagikia katika kitanga cha mizani, akayapima nayo. Uzito wa jiwe ukigawanywa kwa uzito wa maji hayo, hupatikana hesabu isiyobadilika kwa jinsi ile ya jiwe, liwe dogo au kubwa. Na jiwe lenyewe hutoka limerowa tu! Zumaridi kwake ilitoka kama 2.75, wapimaji wa leo hupata kama 2.7.

Faida yake yaonekana zaidi katika mawe mekundu. Yakuti na la'li ya Badakhshan hufanana machoni, lakini yakuti ni kama 4.0 na la'li ni 3.6. Al-Biruni aliyatenga. Ulaya ilichelewa hata mwaka wa 1783, na lile jiwe kubwa jekundu lililo mbele ya taji ya wafalme wa Uingereza, ambalo huitwa yakuti mpaka leo, ni la'li. Hapa kwetu pia, jiwe la kijani la Taita liitwalo tsavoraiti ni kama 3.6, aliyeuziwa kwa jina la zumaridi angelijua kwa mizani na maji, maadamu halijatiwa katika pete.

Hakuyapokea maneno kwa kuwa yamesemwa na wengi. Ilivuma kwamba nyoka akiitazama zumaridi macho yake huyeyuka. Yeye alimvisha nyoka mkufu wa zumaridi, akamtandikia zumaridi chini, akamtikisia mbele ya macho yake, wakati wa joto na wakati wa baridi, muda wa miezi tisa. Macho ya nyoka hayakudhurika hata kidogo.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba maji yatosha kwa kila hila. Mwaka wa 1902 Mfaransa Auguste Verneuil alitangaza namna ya kuyeyusha unga na kuunda yakuti yenye uzito ule ule wa yakuti ya ardhini. Hiyo hutambulikana kwa darubini ya vitu vidogo, kwa mistari iliyopinda ndani yake, nayo pia hailiumizi jiwe.

Al-Biruni alifariki Ghazna yapata mwaka wa 1048. Hesabu zake za uzito zilihifadhiwa na Al-Khazini, aliyezitia katika kitabu chake cha mizani mwaka wa 1121.