Maisha ya Josiah Wedgwood, Mfinyanzi Aliyetoka Kiwandani mwa Kaka Yake

Ni desturi yetu, baada ya hesabu za chama na habari za kazi za mwaka, kuweka katika kitabu hiki maisha ya mtu mmoja aliyefariki zamani, ambaye mwendo wake waweza kuwafaa wanachama. Safari hii tumemchagua Josiah Wedgwood, mfinyanzi wa Uingereza. Tumemchagua kwa sababu mashauri ya kijana atakaye kutoka katika duka au karakana ya watu wa kwao, akaanze kazi yake mwenyewe, ni mashauri mazito katika kila jamaa. Wazee huona kwamba amewadharau. Kijana naye huona kwamba amefungwa. Wedgwood aliipita njia hiyo, na namna alivyoipita yastahili kusimuliwa.

Alizaliwa mwaka 1730 katika mji mdogo wa Burslem, katika jimbo la Staffordshire, naye alikuwa kitindamimba wa jamaa kubwa. Ukoo wake ulikuwa ukifinyanga vyombo tangu zamani, na kiwanda cha baba yake kilikuwa karibu na uwanja wa kanisa. Baba huyo alifariki mwaka 1739, Josiah akiwa na miaka 9 tu. Kiwanda kilimwangukia Thomas, mwana mkubwa. Josiah aliachiwa urithi wa pauni 20, apewe atakapokuwa mtu mzima.

Hata urithi wa afya haukuwa wake. Katika utoto wake alishikwa na ndui. Akapona, lakini goti lake la kuume lilibaki bovu. Mwaka 1744 alitiwa katika mkataba wa miaka 5 ajifunze kazi chini ya kaka yake Thomas. Gurudumu la mfinyanzi lataka mguu wenye nguvu, na mguu wake haukuwa nazo. Basi alizidi kuelekea kwenye kazi ambazo wengine hawakuzijali sana: kuchanganya udongo wa namna mbalimbali, kutengeneza dawa ya kung'arisha vyombo, na kuangalia jinsi moto wa tanuri unavyobadili rangi. Kilema chake kikamfanya mchunguzi.

Mkataba ulipokwisha alikaa bado na kaka yake, akitumaini kuingizwa katika ushirika wa kiwanda. Thomas hakukubali. Yasemekana aliyaona majaribio ya mdogo wake kuwa ya hatari, na kwamba fedha zingeteketea tanurini. Tusimhukumu Thomas upesi. Alikuwa na watoto wa kulisha, na kiwanda alichoachiwa kilikuwa ni kazi ya baba zake. Mtu aliyekabidhiwa mali ya ukoo huogopa kuipoteza kuliko anavyotamani kuiongeza. Lakini Josiah naye hakuweza kukaa maisha yake yote akifanya vyombo vile vile kwa namna ile ile. Mwaka 1752 akatoka.

Tungependa msomaji aangalie jambo hili vizuri: hakutoka akaenda kufungua kiwanda siku ya pili. Alifanya kazi kwanza katika ushirika na watu wengine, na mwaka 1754 akaungana na Thomas Whieldon, aliyekuwa mmoja wa wafinyanzi mashuhuri kabisa wa zama zile. Kwa miaka 5 alijifunza kwake biashara kubwa ilivyo. Whieldon alimruhusu kuendelea na majaribio yake, wala hakumlazimisha kumfunulia siri zake. Ndipo Josiah alipoanza daftari la kuandika kila jaribio: udongo gani, dawa gani, kiasi gani, na matokeo yake. Aliandika kwa alama za siri ili mtu mwingine asiweze kuiba ujuzi wake. Daftari lile lilikuwa mali yake ya kwanza iliyo kubwa.

Mwaka 1759, akikaribia umri wa miaka 29, alianza kazi yake mwenyewe palepale Burslem. Nyumba na tanuri alizikodi kwa pauni 10 kwa mwaka, na wenye nyumba ile walikuwa jamaa zake wa ukoo wa Wedgwood. Mfanyakazi wake wa kwanza wa mkataba alikuwa binamu yake, ambaye baadaye alimfanya mshiriki. Hata mke aliyemwoa mwaka 1764, Sarah, alikuwa Wedgwood wa tawi jingine. Baba yake Sarah, mfanya biashara tajiri wa jibini, hakumtoa binti yake upesi. Alitaka kwanza kuiona mali ya mkwewe, na mashauri hayo yakaichelewesha arusi. Basi twaona kwamba Josiah aliacha kiwanda cha kaka yake, lakini hakuuacha ukoo wake. Alikataliwa mlango mmoja, naye hakuichoma nyumba nzima.

Sasa kazi ikasitawi. Alitengeneza vyombo vya rangi ya maziwa, vyepesi, laini, na vya bei ambayo watu wengi waliweza kuilipa. Mwaka 1765 Malkia Charlotte aliagiza vyombo vya chai kwake, na Josiah akapata ruhusa ya kuviita vyombo vyake kwa cheo cha malkia. Hapo alitambua jambo la biashara ambalo wafinyanzi wenzake walikuwa hawajalitambua: wakubwa wakinunua, watu wa kati nao watataka. Mwaka 1774 alimaliza vyombo 952 vya Catherine, malkia mkuu wa Urusi, na kabla ya kuvisafirisha akavionyesha kwa watu wa London.

Lakini vyombo vyema havina faida vikivunjika njiani. Barabara za Staffordshire zilikuwa mbovu, na mizigo ilichukuliwa kwa farasi. Kwa hiyo Josiah alisimama pamoja na wengine kutaka mfereji wa maji wa kupitisha mashua, naye mwaka 1766 ndiye aliyepiga jembe la kwanza. Mfereji ule ulimalizika mwaka 1777. Mwaka 1768 goti lake lilimzidi, ukakatwa mguu, katika siku ambazo dawa ya kumlaza mgonjwa haikuwako. Alitembea kwa mguu wa mti tangu siku ile, na mwaka uliofuata, 1769, akafungua kiwanda kipya alichokiita Etruria, yeye na mshiriki wake Thomas Bentley, mfanya biashara wa Liverpool.

Mwaka 1772 biashara ilipolegea, alifanya kazi ambayo sisi tushikao vitabu vya hesabu twaithamini mno. Alikaa akapima gharama ya kila chombo: udongo, kuni na makaa, mshahara, kodi, na uchukuzi. Akaona kwamba alikuwa hajui kweli kila kitu kilimgharimu nini. Akaona pia kwamba gharama nyingine hazipungui hata vyombo vikiwa vichache, hivyo avifanyavyo vingi vya namna moja kila kimoja humgharimu kidogo. Katika kuchungua huko ukafichuka na udanganyifu uliokuwamo vitabuni. Wangapi huanguka, si kwa kukosa wateja, bali kwa kukosa daftari!

Hakuwa bwana mlegevu. Kengele ililia, na aliyechelewa alijulikana. Lakini aliwajengea wafanyakazi wake nyumba, na palikuwa na mfuko wa kuwasaidia walioshikwa na ugonjwa, nao wenyewe wakiuchangia. Mwanachama wetu atautambua mfuko huo, kwa maana ndio msingi wa vyama kama hiki chetu.

Wala mali haikumfumba macho. Mwaka 1787 chama kilipoundwa London cha kupinga biashara ya watumwa, Josiah aliingia katika kamati yake. Kiwandani mwake zikafanywa nishani ndogo za udongo zenye sura ya Mwafrika aliyepiga goti, amefungwa minyororo, akiuliza kama yeye naye si mtu na ndugu. Alizigawa bila malipo, na watu wakazivaa. Uingereza iliikataza biashara hiyo mwaka 1807, yeye akiwa amekwisha kufa. Na huku kwetu soko la watumwa la Unguja halikufungwa mpaka mwaka 1873.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo lililotufanya tuyaandike maisha haya. Mwaka 1790 Josiah aliwaingiza wanawe watatu katika ushirika, akawapa kile alichonyimwa na kaka yake. Haikupita miaka mingi, wawili wakatoka: John akaenda kwenye biashara ya benki, na Thomas akafuata elimu ya sayansi, hata akajaribu kupata picha kwa nguvu ya mwanga. Aliyebaki na kiwanda ni mwana wa pili aliyeitwa Josiah kama baba yake, pamoja na binamu yake. Baba alifariki tarehe 3 Januari 1795, na jina lake likaendelea kupigwa chini ya sahani kwa zaidi ya miaka 200.

Basi, mzee mwenye duka asidhani kwamba mtoto atokaye ameitupa nyumba; huenda anaipanua. Na kijana atakaye kutoka na ajiulize kwanza: je, nimekwisha kuijua kazi? Nimepata wa kunifundisha zaidi? Ninalo daftari? Kama hayo anayo, na aondoke kwa adabu, akijua kwamba kesho aweza kuhitaji kukodi tanuri kwa jamaa zake.