Carl Akeley: fundi wa apareye yenye macho mawili anayelala chini ya Mikeno

Pahali panapoitwa Kabara, kati ya mlima Mikeno na mlima Karisimbi, Kivu ya Kaskazini, kulizikwa Mmarekani mmoja. Jina lake ni Carl Akeley. Alikufa huko juu, kwenye baridi ya zaidi ya metre 3000, tarehe 17 Novemba 1926, akiwa na miaka 62.

Wale wanaomjua mashariki mwa Kongo wanamjua kama mzungu wa gorila. Ni kweli, lakini ni nusu ya habari. Huyu mzee ndiye pia aliyetengeneza apareye ya filme ambayo mtu aliweza kubadilisha lensi zake mbio na kuona sawasawa kile filme inachopokea. Maulizo aliyohangaika nayo ni yale yale yanayohangaisha leo vijana wa Uvira na wa milima ya Rurambo wanaotafuta apareye ya digitali: lensi gani inaingia kwenye apareye gani, na nichague ile inayovuta ya mbali ao ile inayoona kwa upana?

Mtoto wa wakulima

Akeley alizaliwa tarehe 19 Mei 1864 kijijini Clarendon, jimbo la New York. Wazazi wake walikuwa wakulima, na masomo yake ya darasani hayakwenda mbali. Alichopenda ni kuchukua ngozi ya mnyama aliyekufa na kuirudishia umbo lake, mpaka mtu anayeangalia adhani mnyama anapumua.

Wakati ule mafundi wengi wa kazi hiyo walikuwa wanajaza ngozi majani makavu kama vile mtu anavyojaza mto. Akeley akaona ni uongo. Yeye alianza kwa kufinyanga mwili wa mnyama kwa udongo, misuli na mishipa yote, kiisha akatoa umbo jepesi lililo wazi ndani, na ngozi ikavikwa juu yake. Mwaka wa 1885, tembo Jumbo, aliyejulikana ulimwengu mzima kwa sarakasi, alipokufa kwa kugongwa na treni, Akeley kijana alikuwa kati ya watu waliofanya kazi kwenye ngozi yake. Baadaye alifanya kazi katika jumba la makumbusho la Milwaukee, na kisha lile la Field huko Chicago.

Mwaka wa 1896 alifika Afrika mara ya kwanza, inchi ya Somalia. Huko chui alimrukia, na bunduki haikumsaidia tena. Alimuua kwa mikono yake. Mkono mmoja ulitafunwa vibaya, lakini alipona.

Alikuwa pia fundi wa mashini. Kuta za nje za jumba la Field zilipoanza kumomonyoka, alitengeneza mashini ya kurusha simenti kwa nguvu ya hewa. Mashini za namna hiyo bado zinatumika leo kwenye migodi na barabara, na wengi wanaozitumia hawajui kama zilitoka kwa mtu wa ngozi za wanyama.

Simba ambao filme haikuwapata

Mwaka wa 1909 Akeley alirudi Afrika ya Mashariki, safari hii kwa kazi ya jumba kubwa la makumbusho la New York. Alibaki mpaka 1911. Katika safari hiyo, karibu na mlima Kenya, tembo alimkandamiza chini na kumvunja mbavu. Mke wake wa kwanza, Delia, ndiye aliyepanda kumtafuta na kumsaidia apone.

Safari ile ile ilimpa pigo lingine. Wanandi wa Kenya walikuwa wanajulikana kwa kumzunguka simba na kumuua kwa mikuki. Akeley alitaka kupiga filme ya mambo hayo. Lakini apareye ya wakati ule ilikuwa sanduku zito juu ya miguu mitatu. Ili kuigeuza kushoto ao kulia unazungusha mkono mmoja wa chuma, ili kuiinua ao kuishusha unazungusha mwingine, na filme yenyewe unaizungusha kwa mkono wa tatu ambao Mungu hakukupa. Na bado hukuwa unaona vizuri kile lensi inachoona. Wakati alipomaliza kupanga sanduku lake, mambo yalikuwa yamekwisha. Alirudi Marekani bila ile filme.

Macho mawili yanayoona kitu kimoja

Badala ya kulalamika, alishika kazi. Mwaka wa 1915 apareye yake ilipata hati ya uvumbuzi. Ilikuwa ya mviringo, na wapiga filme wakaipa jina la mkate wa kukaanga. Kichwa cha miguu yake kilikuwa na gurudumu zito ndani, hivi mtu aliweza kuigeuza upande wowote kwa mkono mmoja, taratibu na bila kutikisika. Pazia lake la ndani liliacha mwangaza uingie kwa wakati mrefu kuliko apareye zingine, jambo la lazima kwa mtu anayefanya kazi chini ya miti.

Jambo kubwa lilikuwa mbele. Apareye ya Akeley ilikuwa na lensi mbili pacha, moja kando ya nyingine. Moja ilipeleka picha kwenye filme, nyingine ilipeleka picha ile ile kwenye jicho la mpigaji. Ukizungusha moja ili picha iwe wazi, nyingine inazunguka pamoja nayo. Na ukitaka kubadilisha lensi, unatoa pacha zote mbili na kuingiza zingine mbili za kipimo kimoja.

Hapo ndipo kuna somo. Kama lensi ya filme ni ndefu, ya kuvuta ya mbali, na lensi ya jicho ni pana, mpigaji ataona mlima mzima na filme itapokea sikio la mnyama tu. Kwa hiyo Akeley hakuruhusu lensi itembee bila ndugu yake. Kabla ya kuuliza kama lensi ni nzuri, alitaka kujua kama inapatana na apareye.

Jeshi la Marekani lilitumia apareye hiyo katika vita kubwa ya kwanza. Robert Flaherty aliipeleka kwenye barafu ya kaskazini kwa filme yake Nanook, iliyotoka 1922. Hollywood nayo ikaichukua kwa filme za farasi na ndege, mpaka wapigaji wenye kuijua wakawa na kazi yao ya pekee.

Kutoka Ziwa Tanganyika mpaka Mikeno

Mwaka wa 1921 Akeley aliileta apareye yake Kongo. Hakupitia Mombasa. Alishuka Cape Town pamoja na familia ya Bradley kutoka Chicago, ambao walikuja na mtoto wao Alice, bado mdogo sana. Walipanda kwa treni na mashua katika Katanga, wakaingia Ziwa Tanganyika, wakalipanda mpaka ncha yake ya kaskazini, kiisha wakaendelea mpaka Ziwa Kivu na milima ya moto. Kwa hiyo mizigo ya safari ile ilipita kwenye maji yale yale yanayoonekana kutoka Uvira.

Mizigo ilipandishwa mlimani juu ya vichwa vya wapagazi, na njia ilikatwa na watu wa huko waliojua pahali gorila, ambaye wengine wanamwita ngagi, anapolala. Bila wao hakuna filme ingepatikana. Lakini majina yao hayakupewa nafasi kama ya majina ya wageni.

Kwenye miteremko ya Mikeno, katika ukungu, Akeley alipiga filme ya gorila wakiwa huru msituni. Mbele yake hakuna mtu aliyewahi kufanya hivyo. Lensi ndefu ilimruhusu kukaa mbali bila kuwafukuza, na lile jicho la pili lilimwezesha kuwafuata walipokuwa wanatembea.

Lakini hakuja na apareye peke yake. Gorila watano waliuawa kwa ajili ya jumba la makumbusho la New York. Akeley alikuwa mwindaji, na jambo hilo halifichwi. Tofauti ni kwamba kazi hiyo ilimgeuza. Aliona gorila si yule mnyama mkali wa hadithi za wasafiri, na aliona pia kwamba wawindaji wengine wakija nyuma yake, hawa wanyama watakwisha.

Aliporudi alianza kuwasumbua wakubwa wa Ubelgiji. Tarehe 21 Aprili 1925 mfalme Albert wa Kwanza alitia sahihi ya kuunda hifadhi ya Albert, ya kwanza ya namna hiyo katika Afrika. Leo inaitwa Virunga. Wakaaji wa huko hawakuulizwa, na hifadhi ilipopanuliwa, familia zilipoteza mashamba na malisho. Uchungu huo bado unasikika Kivu. Hata hivyo, kama gorila wa milimani wangali hai upande wa Kongo, uamuzi ule ni sababu moja.

Safari ya mwisho

Mwaka wa 1926 Akeley alirudi tena, pamoja na mke wake wa pili, Mary Jobe Akeley. Kati ya watu waliolipia safari alikuwa George Eastman, mwenye kampuni ya Kodak, ambaye yeye mwenyewe alikuja Afrika ya Mashariki mwaka huo. Akeley alitaka kuchukua picha, rangi, majani na udongo wa Mikeno ili atengeneze New York pahali panapofanana kabisa na pale alipoona gorila. Alipanda mlima akiwa mgonjwa wa homa, na hakushuka. Mary alimzika Kabara, akabaki akimaliza kazi. Mwaka wa 1936 ukumbi wenye jina la Akeley ulifunguliwa New York, na gorila wa Kivu wako ndani mpaka leo, nyuma yao ikichorwa milima ya kwao kwenye ukuta uliopinda ili jicho lisikute kona.

Kile alichowaachia wapiga foto

Apareye ya digitali yenye kioo ndani, ile ambayo wengi wanainunua ikiwa imetumika, ilimaliza kazi ya pacha kwa njia nyingine. Lensi ni moja, na kioo kinapeleka picha yake kwenye jicho la mpigaji. Ukibonyeza, kioo kinapanda na mwangaza unafika kwenye kapteri, kile kibao kidogo kinachopokea picha. Sababu ya kile kioo, lensi pana haiwezi kukaa karibu sana na kapteri. Mfaransa Pierre Angénieux alitoa mwaka wa 1950 lensi pana iliyopangwa kwa namna ya kuachia kioo nafasi, na lensi pana za apareye hizi zinafuata njia hiyo.

Sharti la Akeley la kupatana limebaki. Lensi ya Nikon haifungi moja kwa moja kwenye Canon, wala ya Canon kwenye Nikon. Kwenye Nikon, lensi inakaa milimita 46.5 mbele ya kapteri, na kwenye Canon milimita 44. Zile milimita 2.5 zinatosha kuweka pete nyembamba, kwa hiyo lensi nyingi za Nikon zinaweza kutumika juu ya Canon kwa kuzungusha mkono. Kinyume chake, pete isiyo na kioo ndani itafanya vitu vya mbali vibaki na ukungu.

Hata ndani ya kampuni moja kuna mtego. Lensi ya Canon yenye alama nyeupe ya pembe nne ni ya apareye za kapteri ndogo tu, na yenye nukta nyekundu inaingia kwenye zote. Kwa Nikon, apareye ndogo kama zile za D3000 na D5000 hazina mota ndani. Lensi ya zamani isiyo na mota yake itaingia vizuri, lakini mpigaji ndiye atazungusha mwenyewe.

Baada ya kupatana ndipo mtu achague. Kwenye kapteri ndogo, lensi ya milimita 18 inaona karibu kama ya 28 kwenye kapteri kubwa. Kwa ndoa ndani ya nyumba ao kanisa dogo la mlimani, pahali ambapo ukirudi nyuma unagonga ukuta, hiyo 18 inaweza kuwa kidogo, na lensi ya 10 mpaka 20 inasaidia. Lakini usimweke bibi-arusi kando ya picha, juu ya lensi pana inavuta sura za pembeni.

Na kwa yule anayesimama Rurambo akitaka bonde lote la Ruzizi ndani ya foto moja, lensi pana sana itamdanganya. Itapunguza kila kitu cha mbali, na milima ya Burundi itabaki mstari mwembamba. Lensi pana inataka kitu cha karibu mbele yake: mtu, ng'ombe, mlango wa nyumba. Kama unachotaka ni milima yenyewe, chukua lensi ndefu kidogo.

Akeley alijua hesabu hiyo. Alikuwa na lensi za vipimo mbalimbali, na kule Mikeno alichagua kufuatana na umbali ambao gorila walimruhusu.