Andy Warhol na filamu ya saa nane isiyo na tukio

MWAKA 1965 mwenye jumba moja la maonyesho ya sanaa mjini Toronto, Kanada, aliagiza kutoka Marekani mzigo wa masanduku ya mbao. Yalikuwa yamepakwa rangi na kuchapwa nembo ya Brillo, zile sponji za nyuzi za chuma zenye sabuni za kusugulia sufuria, na ndani hamkuwa na kitu. Sheria ya Kanada iliruhusu sanamu halisi kuingia bila ushuru. Maafisa wa forodha waliutazama mzigo, wakaona masanduku, wakadai asilimia 20 kama kwa bidhaa nyingine. Mkurugenzi wa Jumba la Taifa la Sanaa la nchi hiyo alipoulizwa, aliangalia picha za masanduku hayo na kuunga mkono forodha. Hizo, kwake, hazikuwa sanamu.

Mfanyabiashara aliyewahi kubishana pale Busia au Rusumo kuhusu mzigo wake uingizwe sura ipi ya jedwali la ushuru hatauona ugomvi huo kuwa wa kigeni. Masanduku ya mbao ya kufungia mizigo yako sura ya 44; kazi za sanaa ziko sura ya 97. Anayevusha vinyago anajua kwamba kati ya sura hizo mbili kuna maneno mengi na muda mwingi wa kusimama dirishani. Lakini mtu aliyetengeneza masanduku yale, Andy Warhol, alikuwa ameshaleta kitu kigumu zaidi kukipangia sura: filamu ya saa nane ambayo ndani yake karibu hakuna kinachotokea. Hadi leo, zaidi ya miaka 35 tangu afariki, watu bado wanagombana kama ile ni sanaa au ni mzaha wa mtu aliyekuwa na pesa za kuchezea.

Alizaliwa Agosti 6, 1928, mjini Pittsburgh, jimbo la Pennsylvania, akaitwa Andrew Warhola. Wazazi wake walitoka Miková, kijiji cha milima ya Karpati. Walipozaliwa wao, kijiji kilikuwa chini ya dola ya Austria na Hungaria; baadaye kikawa Chekoslovakia, na sasa ni Slovakia. Kijiji hakikuhama hata hatua moja, mipaka ndiyo iliyopita juu yake. Baba alitangulia Marekani kutafuta kibarua, mama, Julia, akamfuata mwaka 1921.

Walikuwa maskini. Julia alikata makopo ya chakula yaliyotumika, akayageuza maua ya bati na kuyauza nyumba kwa nyumba. Andrew, kitinda mimba wa watoto watatu, aliugua akiwa mtoto ugonjwa uliomtikisa viungo na kumlaza kitandani kwa muda mrefu, akawa anachora na kukata picha za waigizaji wa sinema. Baba alifariki mwaka 1942, lakini aliacha akiba kwa ajili ya masomo ya kijana huyo. Mwaka 1949 Andrew alihitimu chuo, akahamia New York na kuanza kuchora matangazo ya viatu. Herufi ya mwisho ya jina la ukoo aliiacha njiani.

Kwa miaka kumi alifanya biashara, na kuifanya vizuri. Hili nalisisitiza kwa sababu wanaomwona tapeli husahau kwamba alijua mkono wake una thamani gani sokoni. Mwaka 1962 alionyesha Los Angeles picha 32 za makopo ya supu ya Campbell's, kila aina ya supu na picha yake, bei dola 100 moja. Wanunuzi walikuwa wachache mno. Mwenye jumba la maonyesho aliamua kuzikomboa zile chache zilizoahidiwa wateja, akazinunua zote 32 kwa dola 1,000, akilipa kidogo kidogo kila mwezi. Zilipoingia katika makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York mwaka 1996, thamani yake ilikadiriwa kuwa dola milioni 15.

Mwaka 1963 Warhol alipata kamera ya filamu. Jambo la kwanza kubwa alilolipiga picha ni usingizi. Rafiki yake, mshairi John Giorno, analala, basi. Filamu hiyo, Sleep, inachukua saa tano na dakika 21. Wengi hudhani kamera iliachwa ikitazama usiku kucha. Haikuwa hivyo. Kamera ile ilibeba mkanda wa dakika chache tu, kwa hiyo Warhol alipiga vipande vingi, akavichagua, akavirudia na kuviunganisha. Ilipoonyeshwa New York Januari 1964, watazamaji hawakufika kumi, na si wote waliobaki hadi mwisho.

Kisha ikaja Empire. Jioni ya Julai 25, 1964, Warhol na wenzake walipanda hadi ofisi moja iliyo juu katika jengo la Time-Life, wakaielekeza kamera kwenye jengo la Empire State, lililokuwa refu kuliko yote duniani wakati huo. Aliyeshika kamera ni Jonas Mekas, mkimbizi kutoka Lithuania aliyefika New York baada ya Vita Kuu ya Pili. Walianza saa 2:06 usiku, jua likiwa ndiyo kwanza linazama, wakamaliza saa 8:42 usiku. Mikanda waliyopiga ilikuwa ya saa kama tano na nusu. Warhol akaagiza ionyeshwe kwa picha 16 kwa sekunde badala ya 24 zilizopigwa, na hivyo ikawa saa nane na dakika tano. Hakuna sauti, hakuna mtu anayeingia wala kutoka.

Nini kinaonekana? Mwanzoni skrini ni nyeupe karibu tupu. Giza linapoingia, jengo linajitokeza taratibu. Ghafla taa za kileleni, zilizokuwa mpya mwaka ule, zinawaka. Baada ya hapo dirisha moja linazimika, jingine linawaka, na taa ya mnara wa jirani inamweka kuhesabu robo saa. Mara chache, mkanda ulipobadilishwa na taa za ofisini kuchelewa kuzimwa, nyuso za Warhol na Mekas zinaonekana kwenye kioo kama vivuli. Karibu na mwisho taa za kileleni zinazimwa, na sehemu iliyobaki ni giza lenye nukta za mwanga.

Wapinzani wana hoja, tena nzito. Mtu yeyote anaweza kusimamisha kamera dirishani. Jengo lilijengwa na wengine, taa ziliwashwa na mlinzi, usiku uliingia wenyewe. Warhol alifanya kazi gani hadi adai ni yake? Kamera ya ulinzi ya ghala lolote la Kampala au Mwanza hurekodi saa 24 kila siku na hakuna anayeiita sanaa.

Mimi nasema ni sanaa, na sababu yangu inaanzia kwenye sinema yenyewe. Filamu za ndugu Lumière zilizoonyeshwa Paris Desemba 1895 zilikuwa za wafanyakazi wakitoka kiwandani, au mtoto akilishwa uji. Chini ya dakika moja kila moja. Hakuna aliyelalamika kwamba hazina hadithi. Sharti la tukio lilikuja baadaye, pamoja na tiketi na viti vya starehe. Kwa hiyo ugomvi wa Empire hauhusu kukosa tukio. Unahusu urefu, na urefu ndio Warhol aliouchagua kwa makusudi: aliirefusha kwa nusu ya ilivyokuwa; hesabu rahisi ni kwamba kila saa moja iliyopigwa inatazamwa kwa saa moja na nusu. Kamera ya ghala haimchagulii mtu pembe, haimchagulii saa ya kuanza, na wala haipunguzi kasi ya usiku. Inamsubiri mwizi. Empire haimsubiri mtu.

Mahakama ya Marekani ilishawahi kukaribia jibu hilo. Mwaka 1926 sanamu ya shaba ya Constantin Brancusi, iliyoitwa ndege ingawa haikuwa na mabawa wala mdomo, ilifika New York na forodha ikaitoza asilimia 40 kama chombo cha chuma. Kesi ilikwisha mwaka 1928 kwa msanii kushinda. Jaji hakudai ifanane na ndege. Alitazama nani aliitengeneza na kwa nia gani.

Hata hivyo sitamdanganya msomaji kwamba saa nane hizo ni tamu. Sehemu kubwa inachosha, na Warhol mwenyewe hakutegemea watu wakae kimya hadi mwisho. Waliruhusiwa kuongea, kula, kutoka na kurudi. Hapo ndipo inapotofautiana na foleni ya malori: foleni humshika mtu kwa nguvu.

Kazi yake iliyo bora, kwa maoni yangu, ni fupi. Kati ya 1964 na 1966 alipiga filamu 472 za watu waliopita kwenye karakana yake. Kila mmoja alikalishwa kitini, taa usoni, akaombwa asitikisike kwa dakika kama tatu, na nazo zikaonyeshwa polepole hadi kukaribia nne. Mashuhuri na wasiojulikana walipewa kiti kilekile. Dakika ya kwanza mtu anaweza kuigiza: ananyoosha shingo, anakaza macho. Dakika ya pili uigizaji unamwisha. Midomo inacheza, koo linameza, aibu inapanda. Mwanamke mmoja anajizuia kupepesa hadi machozi yanamtiririka, ingawa hana huzuni yoyote tunayoijua. Hakuna tukio hapo, na bado sijaona filamu ya mapigano iliyonionyesha uso wa mtu kwa namna hiyo.

Juni 3, 1968, Valerie Solanas, aliyewahi kuigiza katika filamu yake moja, alimpiga risasi. Aliponea chupuchupu. Baada ya hapo aligeukia zaidi biashara: picha za matajiri kwa oda, dola 25,000 ya kwanza, na gazeti lake mwenyewe. Filamu za zamani alizitoa kwenye mzunguko, hivyo kwa miaka mingi Empire ilitukanwa na kusifiwa na watu ambao hawakuwa wameiona.

Alifariki Februari 22, 1987, mjini New York, siku moja baada ya upasuaji wa kibofu cha nyongo, akiwa na miaka 58. Mwaka 2004 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza Empire katika orodha ya taifa ya filamu za kuhifadhiwa. Forodha, mara hii, haikuulizwa.

Amezikwa nje kidogo ya Pittsburgh, jirani na wazazi wake. Agosti 6, 2013, siku ambayo angetimiza miaka 85, makumbusho yenye jina lake yalianza kurusha kaburi hilo moja kwa moja kwenye intaneti, usiku na mchana. Kinachoonekana ni jiwe, nyasi, theluji wakati wa baridi, na mara mojamoja mtu anayekuja kuweka kopo la supu na kuondoka.