Mvumbuzi aliyeona mbali kabla ya kutoweka baharini

RUDOLF Diesel alizaliwa jijini Paris mnamo 1858, wazazi wake wakiwa Wajerumani. Injini yake ilifaulu majaribio mjini Augsburg mwaka wa 1897. Katika maonyesho ya Paris ya 1900, injini ya aina hiyo iliendeshwa kwa mafuta ya njugu karanga. Mnamo 1903, meli ya Vandal ilianza kutumia injini za dizeli katika mto Volga, Urusi.

Mwaka wa 1912, Diesel alitabiri kuwa mafuta ya mimea yangekuja kuthaminiwa. Septemba 29, 1913, akiwa amelemewa na madeni, alitoweka melini akielekea Uingereza.

Leo, baadhi ya meli za mizigo katika mto Rhine hutumia dizeli itokanayo na mafuta ya mimea na masalio ya mafuta ya kupikia. Utabiri wake umetimia, mwenyewe hayupo.