Giovanni Schiaparelli: Muitaliano aliyeipa Mirihi ramani na majina

Kila mara picha mpya zinapofika kutoka sayari ya Mirihi, ambayo wengi huiita Mars, habari huja na majina kama Hellas, Elysium, Tharsis na Chryse. Majina hayo yalitolewa na Muitaliano Giovanni Schiaparelli zaidi ya miaka 140 iliyopita, kabla ndege haijaruka duniani. Ni yeye pia ambaye neno lake moja lilifanya watu wengi waamini kwamba Mirihi ina wakazi wanaochimba mifereji. Wasikilizaji wetu, leo tunayatazama maisha yake.

Schiaparelli alizaliwa tarehe 14 Machi 1835 katika mji wa Savigliano, kaskazini mwa Italia. Alisomea uhandisi katika Chuo Kikuu cha Turin na kuhitimu mwaka 1854. Lakini moyo wake ulikuwa kwenye nyota. Akaenda kujifunza elimu ya nyota Berlin, Ujerumani, kisha Pulkovo, Urusi. Mwaka 1860 alirudi nyumbani kufanya kazi katika kituo cha kuangalia nyota cha Brera, mjini Milan. Miaka miwili baadaye akawa mkuu wa kituo hicho, cheo alichokishika hadi mwaka 1900.

Alipata sifa kabla ya Mirihi. Mwaka 1861 aligundua sayari ndogo iitwayo Hesperia. Kisha akaonyesha kwamba vimondo vinavyoonekana kila mwezi Agosti hupita njia ileile ya nyota yenye mkia iliyoonekana mwaka 1862. Maana yake, vimondo hivyo ni vumbi lililoachwa nyuma na nyota hiyo.

Mwaka 1877 Mirihi iliikaribia dunia hadi umbali wa kilomita milioni 56 hivi. Schiaparelli alielekeza darubini yake huko, darubini ambayo kioo chake kilikuwa na upana wa sentimita 22 tu. Wengi waliomtangulia walichora kwa kukadiria. Yeye alipima mahali pa kila alama kwa kifaa maalumu, usiku baada ya usiku. Hapo ndipo ramani yake ilipozishinda za wenzake. Maeneo meupe aliyaita nchi na meusi akayaita bahari. Majina aliyachukua kwenye historia na hadithi za kale za nchi zinazozunguka Bahari ya Mediterania, na mengine kwenye Biblia.

Katika ramani hiyo alichora pia mistari myembamba na kuiita kwa Kiitaliano canali. Neno hilo lina maana mbili: mkondo wa maji wa asili, au mfereji uliochimbwa na watu. Waliotafsiri kwa Kiingereza walichukua maana ya pili. Wakati huo Mfereji wa Suez ulikuwa umefunguliwa miaka michache tu, na watu walikuwa bado wanaustaajabia. Ikawa rahisi kuamini kwamba huko juu nako kuna wachimbaji.

Tajiri wa Kimarekani, Percival Lowell, alijenga kituo chake cha kuangalia nyota Arizona mwaka 1894. Akaandika vitabu akidai kwamba viumbe wenye akili wanavuta maji kutoka kwenye barafu ya ncha za sayari. Schiaparelli mwenyewe alikuwa mwangalifu zaidi. Aliona kwamba mistari hiyo ingeweza kuwa kazi ya maumbile, ingawa hakuufunga kabisa mlango wa wazo la viumbe hai.

Mwaka 1903 lilifanyika jaribio Greenwich, Uingereza. Wavulana wa shule walipewa picha ya kunakili kutoka mbali. Picha hiyo ilikuwa na madoa madoa bila mistari, lakini baadhi yao walichora mistari. Jicho likichoka kwa umbali, huunganisha madoa. Wakati huo macho ya Schiaparelli yalikuwa yameshadhoofika na ameacha darubini. Aligeukia kuandika kuhusu elimu ya nyota ya watu wa kale, hadi alipofariki Milan tarehe 4 Julai 1910.

Majibu yaliletwa na vyombo vya anga vya Marekani. Mariner 4 ilipita karibu na Mirihi mwezi Julai 1965, na picha zake zikaonyesha mashimo makubwa yaliyochimbwa na mawe kutoka angani. Mifereji haikuwapo. Mariner 9 ilifika mwezi Novemba 1971 na kukuta sayari nzima imefunikwa na vumbi. Vumbi lilipotulia, yakaonekana mambo ambayo hakuna aliyeyatarajia.

Doa jeupe ambalo Schiaparelli aliliita Theluji ya Olympus lilikuwa volkano yenye kimo cha kilomita 22 hivi, karibu mara nne ya Kilimanjaro. Nchi yake ya Hellas ni shimo lenye upana wa kilomita 2,300 na kina cha zaidi ya kilomita 7. Syrtis Major, aliyoihesabu kuwa bahari, ni volkano ya kale iliyolala chini. Mistari yake mingi haikulingana na kitu chochote. Mmoja wa michache iliyolingana, Agathodaemon, unapita palipo na Valles Marineris, bonde lenye urefu wa kilomita 4,000.

Mariner 9 iliona pia mabonde ya mito iliyokauka. Kumbe mikondo ya asili ilikuwapo, ila ni myembamba mno kwa darubini ya Milan, na maji yake mengi yalipita zaidi ya miaka bilioni 3 iliyopita. Mwaka 2021 gari la Perseverance lilianza kuchunguza mawe ya Jezero, mahali ambapo mto wa kale ulimwaga matope yake ziwani.

Mistari ya Schiaparelli imefutwa kwenye ramani, lakini majina yake yamebaki. Mirihi hutukaribia kila baada ya miezi 26 hivi. Wakati huo huhitaji darubini: tafuta nyota ya rangi ya machungwa, iliyotulia bila kumetameta.