Ahlquist: Aliyefumbua fumbo la adrenalini

JUHUDI za mtaalamu wa dawa Raymond Ahlquist, mzaliwa wa Missoula, Marekani, nusura zigonge mwamba. Jarida moja lilikataa makala yake iliyoeleza kwamba adrenalini hupokelewa na vipokezi vya aina mbili, alfa na beta. Jingine liliichapisha mnamo 1948, lakini wenzake wakaipuuza kwa miaka mingi.

Siri hiyo ilifika hadi kwenye figo. Huko, vipokezi vya beta vikiguswa, ujumbe hupenya ndani ya seli maalumu, zikamwaga renini, na shinikizo la damu likapanda.

Aliyeithamini kazi hiyo ni Mskoti James Black, mbunifu wa propranolol, dawa izuiayo beta. Black alituzwa Nobeli 1988. Ahlquist alikuwa amefariki 1983.